Kabla ya skrini kubwa, pima umbali wa kiti

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye kutaka kuushuhudia ukweli wa methali hiyo na aingie katika duka lolote la kompyuta, liwe la mjini Kisii au la jijini Nairobi, aseme kwamba anatafuta skrini pana ya kutazamia video na kwamba mfuko wake si mzito.

Papo hapo ataletewa maboksi yaliyojaa herufi na tarakimu za kila namna: HD, Full HD, 4K, milisekunde 1, milioni 10 kwa 1. Muuzaji atazitaja zote kwa mbwembwe kana kwamba anasoma matokeo ya mtihani wa mwanawe. Lakini swali moja hatauliza, nalo ndilo lililo kubwa kuliko yote: mtazamaji ataketi wapi?

Swali hilo lilinijia kwa njia ambayo sikuitarajia, kwa sababu ya ng'ombe aliyekuwa karibu kuuzwa.

Kwetu ni Mosocho, kando ya barabara itokayo mjini Kisii kwenda Oyugis na hatimaye Kisumu. Mama yetu, ambaye ametimiza miaka 74, anaishi huko pamoja na mjukuu wake, mtoto wa kaka yangu mkubwa, kijana anayesoma katika chuo kimoja mjini Kisii. Sisi Abagusii mama humwita "baba" na baba humwita "tata", jambo ambalo huwavunja mbavu wenzetu wa pwani. Hapa nitamwita mama tu, nisije nikamchanganya msomaji.

Ndugu yetu wa mwisho yuko Minnesota, Marekani, jimbo ambalo Abagusii wengi wamehamia. Ana miaka 11 hajarudi. Karatasi zake za uhamiaji hazijakamilika, na anahofia kwamba akitoka hataruhusiwa kuingia tena. Kwa hivyo mama humwona mwanawe kwa video tu.

Siku moja alituma video ya mahafali ya bintiye. Kijana wetu aliifungua katika kompyuta yake ya mtumba, yenye skrini ya zamani ya inchi 17 ambayo umbo lake ni karibu mraba. Picha ikatokea ndogo, ikiwa na mkanda mweusi juu na mwingine chini, na watu wakaonekana kama siafu. Ili bibi yake asipate taabu, kijana alibonyeza mahali fulani, picha ikajaa skrini nzima.

Mama alitazama kimya hadi mwisho. Usiku akanipigia simu.

"Ndugu yako ni mgonjwa na nyinyi mnanificha," aliniambia. "Uso wake umekonda ukawa mrefu, na mtoto naye vivyo hivyo. Huko wanakula nini?"

Nilimweleza kwamba nilikuwa nimeongea na ndugu yangu juma lilo hilo na alikuwa buheri wa afya. Hakusadiki. Siku ya tatu nikapata habari kwamba alikwisha kumwita jirani aje kumwangalia ng'ombe wake wa pekee, amuuze, ili fedha zitumwe Marekani za kumtibu mwanawe.

Ndugu yangu hakuwa mgonjwa. Ugonjwa ulikuwa wa skrini.

Video za siku hizi hupigwa kwa umbo la 16 kwa 9, yaani kwa kila sentimita 16 za upana kuna sentimita 9 za kimo. Televisheni za zamani, zile za kisogo kikubwa, zilikuwa za 4 kwa 3. Wataalamu wa televisheni walipotafuta umbo jipya katika miaka ya 1980, walichagua lililo katikati ya televisheni ya zamani na filamu pana za sinema. Mwanafunzi wa hesabu ataona walivyolipata: 4 mara 4 ni 16, na 3 mara 3 ni 9. Kenya ilipozima mitambo ya analogi mwaka wa 2015 na watu wakahitaji ving'amuzi, umbo hilo lilikuwa limekwisha kuenea hata mashambani.

Skrini ya kijana wetu ilikuwa ya 5 kwa 4. Upana wake ni sentimita 34 hivi na kimo chake sentimita 27. Video ya 16 kwa 9 ikiwekwa humo kwa umbo lake halisi, hutumia sentimita 19 tu za kimo, na 8 zilizobaki huwa giza tupu. Ukiilazimisha kujaza pengo hilo, kila uso hurefuka kwenda juu kwa zaidi ya theluthi moja. Hivyo ndivyo mtu mwenye afya alivyogeuka mgonjwa mbele ya mama yake mzazi.

Tuliamua basi kuchanga, kila ndugu shilingi 5,000, tukapata shilingi 15,000. Fedha zaidi hazikuwapo, kwani mwezi huo huo karo ya kijana ilikuwa ikidaiwa. Na hapo ndipo mabishano yalipoanza.

Kaka mkubwa alitaka televisheni ya inchi 32. "Mama ni mzee, anahitaji kitu kikubwa," alisema. Kijana naye alinipigia simu kwa unyenyekevu mwingi. "Shangazi, tafadhali, tukinunua tununue ya 4K. Ndiyo inayoonyesha kila kitu." Mimi, kwa kuwa kazi yangu ya uandishi hunikalisha mbele ya kompyuta mchana kutwa, nikatwikwa jukumu la kuamua.

Jambo la kwanza nililomwomba kijana ni kuchukua utepe wa fundi cherehani na kupima. Kutoka kiti cha mama hadi meza ya kompyuta ilikuwa mita 1 na nusu. Kutoka macho ya kijana hadi skrini, anaposoma masomo yake, ilikuwa sentimita 60. Vipimo hivyo viwili vilinisaidia kuliko boksi lolote.

Sababu ni hii. Picha ya skrini hujengwa kwa vitone vidogo mno viitwavyo pikseli. Skrini ya Full HD ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, ambavyo jumla yake inapita milioni 2. Skrini ya 4K ina zaidi ya milioni 8. Lakini jicho lina mpaka wake. Ukisogea mbali kiasi fulani, vitone viwili vilivyo jirani huonekana kama kimoja, na hapo kuongeza vitone ni sawa na kuongeza chumvi katika bahari.

Kwa mtu mwenye macho mazima, mpaka huo katika skrini ya Full HD ya inchi 24 ni kama sentimita 95. Mama anaketi mita 1 na nusu, tena kwa miwani. Hata ungemwekea 4K ya ukubwa huo huo asingeona tofauti. Anachohitaji yeye ni sura kubwa zaidi, yaani inchi, wala si vitone. Kijana naye anaketi karibu, anasoma maandishi madogo; yeye ndiye anayehitaji vitone.

Na ile televisheni ya kaka? Nyingi za inchi 32 za bei ya chini zina vitone 1,366 kwa 768 tu. Kila kitone ni kipana, zaidi ya nusu milimita. Kwa mama ingefaa, na sitaficha: kama nyumba ile isingekuwa na mwanafunzi, ningekubali televisheni bila kusita. Lakini kwa kijana anayesoma kwa umbali wa sentimita 60, herufi zingeonekana zimekatwakatwa kingo, na macho yangemuuma kabla ya saa moja kwisha. Skrini ya inchi 24 ya Full HD ndiyo iliyoweza kuwahudumia wote wawili: picha ya sentimita 53 kwa 30, eneo ambalo ni karibu mara mbili na nusu ya lile alilokuwa akitazama mama.

Basi nikasafiri hadi nyumbani, na asubuhi tukapanda matatu kwenda mjini Kisii, mimi na kijana, kila mmoja na mzigo wake. Yeye alipakata CPU ya kompyuta yake. Mimi nilibeba flashi yenye video ya mahafali. Nakushauri, ndugu msomaji, ufanye vivyo hivyo. Video inayochezwa dukani imechaguliwa ikupendeze. Wewe nenda na ile utakayoitazama nyumbani.

Duka la kwanza lilitupa skrini mpya, inchi 19, imeandikwa HD. "Hii inacheza mpaka 1080," kijana wa duka alituambia. Hakusema uongo, lakini hakusema yote. Alama ya HD Ready, iliyoanzishwa Ulaya mwaka wa 2005, ilimaanisha kwamba kifaa kinaweza kupokea video ya mistari 1,080. Haikumaanisha kwamba kinaionyesha yote. Skrini hiyo ilikuwa na vitone 1,366 kwa 768. Inapokea gunia zima la mahindi, inapika debe moja.

Isitoshe, inchi za skrini hupimwa kutoka pembe hadi pembe, mshazari. Tulipoipima kwa utepe, kimo chake kilikuwa sentimita 23 tu, pungufu ya ile ya zamani tuliyokuwa tukiikimbia. Jina kubwa, dirisha fupi. Kwa hivyo muulize muuzaji swali moja bila kumung'unya maneno: skrini yenyewe ina vitone vingapi? Kama jibu si 1,920 kwa 1,080, hiyo si Full HD.

Katika duka la pili tuliona za mtumba zilizotoka katika ofisi za Ulaya. Humo utakutana na za inchi 22 zenye vitone 1,680 kwa 1,050. Hizo ni za 16 kwa 10. Video itaacha mikanda myembamba juu na chini, na itapungua ukali kidogo, lakini kwa mwenye shilingi chache si za kudharau. Sisi tulikuwa na bahati ya kupata ya inchi 24, Full HD, kwa shilingi 10,500.

Kabla ya kutoa hata senti moja tuliikagua. Kwanza nilimwomba muuzaji aiwashe iwake kwa nusu saa, kwa sababu taa iliyochoka huweza kujificha kwa dakika chache kisha ikaanza kupepesa. Tukaijaza rangi nyeupe, halafu nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, moja baada ya nyingine. Kwenye nyeupe, kitone kilichokufa huonekana kama nukta nyeusi. Kwenye nyeusi utaona kingo zinazovuja mwanga. Yetu ilikuwa na kitone kimoja kibovu pembeni chini, na kwa ajili yake tulipunguziwa shilingi 500, tukalipa 10,000.

Pili, tuliitazama kutoka kando. Skrini za kioo chembamba zimegawanyika katika aina kuu tatu: TN, VA na IPS. TN ni rahisi na yepesi wa kubadilika, ndiyo maana wacheza michezo ya kompyuta waliipenda, lakini ukiitazama kutoka kando au chini rangi hubadilika, uso wa mtu ukafifia kama aliyepakwa majivu. VA huonyesha weusi uliokolea. IPS huhifadhi rangi hata ukiwa pembeni. Nyumbani kwetu mwana wa Marekani akituma video hatazami mama peke yake. Majirani hujaa hadi mlangoni. Kwa hivyo IPS ndiyo iliyotufaa.

Ama zile tarakimu za milioni 10 kwa 1, usizipe usingizi wako. Huo ni ujanja wa kupima taa ikizimwa na kuwashwa. Uwezo halisi wa IPS wa kutofautisha mwanga na giza katika picha moja kwa kawaida ni kama 1,000 kwa 1, na wa VA unaweza kufika 3,000 kwa 1. Nazo milisekunde zina maana kwa mchezaji wa michezo ya mbio, si kwa mtu anayetazama mahafali.

Tatu, tulitazama matundu ya nyuma. Skrini nyingi za ofisi hazina tundu la HDMI wala spika. Huwa na VGA, lile tundu la zamani lenye pini 15, pamoja na DVI au DisplayPort. VGA hupitisha picha bila sauti, na waya mbovu huifanya picha iwe na ukungu. HDMI na DVI zinaelewana kwa waya wa kawaida. Lakini DisplayPort ina hila yake: waya wa kutoa picha katika kompyuta yenye DisplayPort kwenda skrini ya HDMI mara nyingi hukataa kufanya kazi ukigeuzwa. Wengi hununua waya huo, wakafika nyumbani wakaona giza, wakalaumu skrini. CPU ya kijana ilikuwa na DisplayPort, skrini nayo vilevile, kwa hivyo waya wa shilingi 700 ulimaliza shauri.

Ilipofika zamu ya video yetu, sura zilitoka na madoa ya mraba, kama picha ya gazeti iliyonyeshewa. Muuzaji alianza kuhangaika, lakini kosa halikuwa lake. Ndugu yangu alikuwa ameituma video kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, na WhatsApp huikamua video ili iwe nyepesi kusafiri. Hakuna skrini duniani, hata ya shilingi laki tano, inayoweza kurudisha kilichokamuliwa.

Tulimwandikia pale pale aitume upya kama hati, si kama video. Tangu mwaka wa 2022, WhatsApp huruhusu hati ya hadi GB 2, na hati haikamuliwi. Dakika moja ya Full HD iliyopigwa kwa simu inaweza kuwa na MB 60 hadi 130, kutegemea mbinu ya kuhifadhi, kwa hivyo ile ya dakika 10 hutosha humo. Kijana aliipokea chuoni, kwenye intaneti ya bure, asije akamaliza bando la nyumbani.

Hapo kuna jambo la mwisho la kuangalia. Simu nyingi mpya huhifadhi video kwa mbinu iitwayo HEVC, iliyotolewa mwaka wa 2013, ambayo hubana vizuri lakini huipa kazi ngumu kompyuta iliyotengenezwa kabla ya mbinu hiyo kuenea. Picha hukwama, sauti ikatangulia. Ukiona hivyo usikimbilie kununua kompyuta nyingine. Jaribu kwanza programu ya bure ya VLC, au mwombe anayekutumia abadilishe simu yake irekodi kwa mbinu ya zamani ya H.264.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: skrini 10,000, waya 700, spika ndogo 1,200, na soketi ya kuzuia mshtuko wa umeme 1,500. Jumla shilingi 13,400. Zilizobaki 1,600 tulimwachia kijana za flashi na bando.

Soketi hiyo si anasa. Mwenye kuishi Kisii anajua mvua ya alasiri inavyokuja na ngurumo. Hata hivyo soketi haizuii radi iliyoamua kushuka. Mama ametunga sheria yake: wingu likiwa jeusi, kila plagi hutoka ukutani, hata kama filamu imefika patamu.

Video mpya ilipochezwa, mama alivuta kiti karibu kidogo. Ndugu yangu alitokea, uso wake ukiwa wa mviringo kama tulivyomjua, akimrekebisha bintiye kofia. Mama akamtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ana mvi," alisema. Kisha, baada ya kimya: "Zimeanzia pale pale zilipoanzia za marehemu. Rudisha nyuma, nione tena."

Kijana akarudisha nyuma, mara nne au tano. Jirani aliyekuwa amekuja kwa habari ya ng'ombe aliambiwa anywe chai, biashara hakuna.

Nawe mzazi, au mwanafunzi unayejikusanyia shilingi zako kidogo kidogo, usitoke nyumbani bila vipimo viwili: umbali wa kiti cha mtazamaji, na umbali wa kiti cha msomaji. Uliza idadi ya vitone, hakikisha matundu yanapatana na kompyuta yako, kisha cheza video yako mwenyewe kabla ya kulipa. Dai risiti na muda wa kurudisha, uandikwe kwa kalamu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye fedha haba hana budi kuambiwa apime.